Mwizi Anayejiita Kobe Hana Haraka

3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti nalo limeacha ubishi. Mimi sijambo. Dukani kazi ni nyingi, maana watu wakisikia bei ya fremu imeshuka wanagundua ghafla kwamba hawaoni. Jana mke alimleta mumewe kupimwa macho. Nikamwekea lenzi ya kwanza, haoni. Ya pili, haoni. Ya tatu, giza tupu. Mkewe akaniambia taratibu, "Mwonyeshe picha ya mpira, utashangaa." Nikamwonyesha gazeti la michezo, akasoma mpaka jina la mpiga chapa.

Mchana bado nasaga lenzi na jioni nachora katuni zangu, hivyo unavyoviita vikaragosi visivyotulia. Sekunde moja inakula picha kumi na mbili, ndiyo maana ukiniuliza nimefika wapi nakujibu bado mguu mmoja haujatua chini. Sasa nimeanza moja mpya, na hii sikwambii ni ya nini. Usinibembeleze, sitasema. Niambie tu ni siku gani wanakuaga hapo kazini, ili nimwombe bosi ruhusa mapema, siku atakayoamka na roho nzuri.

Ulitaka tena jina la ukurasa wangu wa mtandaoni. Siri hiyo naenda nayo kaburini. Nimemchora baba akikoroma si mara moja, na kaka yako akiona atanifuta kwenye ukoo.

Nakukumbuka sana, hasa Jumapili.

Binti yako

*

14 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Goti halijambo kuliko mwenye goti. Nashukuru kwa barua. Watu hapa hunicheka kwamba nakulazimisha kuandika ilhali una simu kubwa kama sinia. Mimi huwaambia simu ni ya misiba na mikopo, mazungumzo yanataka karatasi.

Wananiaga tarehe ishirini na tisa Agosti, Ijumaa, saa tisa alasiri, hapahapa chumba cha kufulia, maana ukumbi wa hospitali umejaa vitanda vibovu. Nimeshona na kutia viraka mashuka ya wagonjwa mpaka nawajua watu kwa namna wanavyoyachana. Anayekaribia kupona huchana upande wa miguu, kwa sababu ameanza kurusha teke. Yule msichana atakayeshika nafasi yangu ana mkono mzuri, ila anashona huku anaongea, na sindano haipendi habari za watu.

Juzi redio ya jikoni ilipiga tena lile tangazo. Unajua kisa chake, lakini nikikaa kimya kinanikaba. Wimbo wangu wa mwavuli niliutunga na kuuimba nikiwa msichana. Ukarekodiwa, ukapigwa kidogo, ukalala. Miaka ikapita, siku moja nimesimama dukani na kiberiti mkononi, nasikia tuni yangu. Nikanyoosha shingo. Kumbe mwavuli umeondolewa, imetiwa sabuni. Muuza duka akaniambia, "Huu wimbo wa sabuni mtamu, mama." Nikalipa kiberiti nikaondoka. Na sabuni yenyewe ndiyo tunayofulia hapa, huimwaga kwenye mashine kwa chuki.

Safari hii sikukaa na kununa tu, nimefanya jambo. Nami sikwambii. Wewe unaficha, mimi naficha, tutaona kifua cha nani kina kufuli.

Shangazi yako

*

6 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo sina mzaha, nivumilie.

Ile katuni niliyokutajia nimeimaliza. Niliiweka mtandaoni kwanza, kwa sababu wanaonifuata wana macho makali, wananionyesha mkono ulioota vidole sita kabla sijaaibika mbele za watu. Waliipenda, Shangazi. Mama mmoja aliandika kwamba mtoto wake amekataa kuoga mpaka airudie. Asubuhi ya tatu nikaifungua nikakuta bubu. Picha zinakwenda, sauti hakuna. Chini wameandika kwamba wimbo una mwenyewe na mwenyewe amelalamika.

Niliuchukua wimbo bila kuomba ruhusa, ni kweli. Lakini wimbo huo ni wa mtu ninayemfahamu, na kama kuna mtu duniani asiyeweza kuninyima kitu ni huyo. Niliona kuomba ni kama kugonga mlango wa chumba changu mwenyewe.

Kuondoa sauti si mwisho. Zamani nikijifunza niliwahi kushitakiwa mara mbili, nilichukua nyimbo za watu maarufu kwa ujinga, na nilistahili. Hii ni ya tatu, na ya tatu wanafunga ukurasa mzima mwisho wa mwezi, na katuni zangu zote na maneno yote ambayo watu wameniandikia. Michoro ninayo nyumbani, hiyo haipotei. Watu ndio watakaopotea. Kuna mlinzi wa usiku ambaye hunitazama kila zamu, kuna fundi cherehani aliyeniandikia kwamba nilimchekesha siku aliyozika. Sitajua pa kuwapata tena.

Nimekaa na hasira mpaka bosi ameniambia nipunguze nguvu, nimevunja lenzi mbili. Niombee.

Binti yako

*

8 Julai

Kwa Ofisi ya Haki za Wanamuziki,
Dawati la Madai.

Ndugu,

YAH: WIMBO WA MWAVULI

Nimeona jina la ofisi yenu kwenye notisi iliyonyamazisha katuni yangu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo.

Wimbo huo si wenu. Aliyeutunga na kuuimba ni mwanamke anayeshona mashuka hospitalini, ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la kwanza. Ameniimbia wimbo huo nikiumwa surua, nikifeli hesabu, na siku niliyoachwa na mchumba. Alishaibiwa mara moja na watu wa sabuni. Kama nanyi mmejiandikisha kuwa wenye wimbo bila yeye kujua, basi wezi ni nyinyi, na akisikia atakuja hapo na mkasi wake.

Lakini simwambii, kwa sababu katuni hiyo ni zawadi yake siku ya kustaafu. Naomba mfute dai kimyakimya, mambo yaishe.

Kobe Hana Haraka
(hilo ni jina la ukurasa wangu, sina haja ya kutoa jingine)

*

13 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imenitoa machozi, kisha imenitia hasira, nami hasira huniweka vizuri zaidi. Ni mtu gani mwenye roho ya chuma anayemnyamazishia mtoto katuni? Angekuita, angekukanya, yangekwisha. Huyo hajalea. Nikimjua nitamwambia hivyo mbele ya mume wake kama anaye.

Ila nawe nikuseme kidogo. Hata kama ni rafiki yako wa chanda na pete, ungemwomba. Kuomba hakuvunji mdomo. Nenda kwake na miguu yako, mwambie nimekosa, utaona atakavyolainika.

Sasa nikupe habari ya kukuchangamsha, maana siri yangu imekomaa. Mwezi uliopita alikuja hapa karani mmoja mwenye tai, wa ofisi inayotetea wanamuziki. Wana mtambo unaosikiliza mtandao wote, ukisikia wimbo wako mahali usipotakiwa kuwepo unapiga yowe. Nikaukabidhi wimbo wa mwavuli mikononi mwao kwa miaka mitatu. Kulikuwa na swali moja tu: akikamatwa mtu, mama, asamehewe, aonywe au aadhibiwe? Nikakumbuka kiberiti changu mkononi. Nikamwambia mla cha mwenziwe na chake huliwa, na huyo mtakayemkamata awe chakula cha mchana.

Basi wamemkamata. Anajiita Kobe Hana Haraka. Mwizi gani asiye na haraka? Ndiyo maana amenaswa. Karani alikuja mwenyewe kuniambia, nikazima mashine zote nikawatangazia wenzangu. Walinipigia makofi, mpaka yule mpishi wa wodi ya watoto ambaye hunisema kwamba najidai. Msimamizi akanileta mbele akasema, "Kumbe tunafua na msanii." Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, nikasimama pale nikilia kama mtoto. Binti yangu, sijawahi kushinda kitu maishani. Hata kesi ya kuku nilishindwa. Sikujua kwamba kushinda ni kutamu hivi.

Kwa hiyo usikate tamaa. Yangu yamenyooka, na yako yatanyooka.

Shangazi yako, msanii

*

15 Julai

Kwa Kobe Hana Haraka,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma, nikafunga mlango wa ofisi, nikaisoma tena.

Hatukujiandikisha kwa siri. Mwenye wimbo ametia saini mwenyewe, mbele yangu, kwenye meza ya kukunjia mashuka. Ni huyohuyo uliyemwelezea, mkasi niliuona. Na adhabu aliichagua yeye. Maneno yake tumeyaweka kwenye faili kama alivyoyasema, pamoja na habari ya chakula cha mchana.

Sheria yetu ni rahisi. Anayeweza kusamehe ni mwenye wimbo peke yake. Asiposamehe, ukurasa wako unafungwa siku ya mwisho ya mwezi huu. Mimi ni karani, sina rungu wala huruma ya kiofisi ya kukupa. Lakini naweza kwenda kumweleza. Ni safari ya asubuhi moja tu. Niruhusu.

Karani wa Madai

*

20 Julai

Ndugu Karani,

Asante kwa kunijibu kama mtu. Samahani kwa neno wezi.

Usiende. Barua yake ilifika siku moja na yako. Ananieleza jinsi wenzake walivyompigia makofi, na kwamba hajawahi kushinda kitu maisha yake yote. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikaenda nje nikatembea. Hivi nimtumie mtu akamwambie kwamba mwizi mwenyewe ni mtoto aliyemlea, na kwamba alichoshinda ni mimi? Atarudisha makofi yale moja baada ya jingine, namjua. Ataomba msamaha kwa mpishi wa wodi ya watoto, na hilo ndilo litakalomuua.

Acheni ukurasa ufungwe. Nafuta barua yangu ya kwanza, ichaneni. Katuni nayo sitamwonyesha, maana akiiona ataujua wimbo, na akiujua wimbo atajua yote. Nitampelekea saa ya ukutani kama watu wengine.

Tafadhali, kama unaheshimu mkasi wake, usimwambie.

Kobe

*

20 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, msanii. Nimefurahi mpaka nimewasimulia wateja. Mmoja amesema atakuja kupimwa macho tena ili amalizie kusikia.

Ulistahili siku nyingi. Mwizi ni mwizi, awe kobe awe sungura, usimwonee huruma hata akija kwa magoti. Nawaza ulivyosimama na povu kwenye viwiko na moyo wangu unajaa.

Kuhusu katuni yangu usihangaike. Nilimfuata yule mwenye wimbo kama ulivyonishauri, nikaona ana furaha zake, sikutaka kumwingilia. Ukurasa wenyewe ulikuwa unanichosha, na macho yangu yanahitaji kupumzika, fundi wa miwani akivaa miwani mwenyewe watu watasema nini.

Tutaonana Agosti. Unapenda saa za ukutani za duara au za pembe nne?

Binti yako

*

11 Agosti

Wewe mtoto,

Salamu leo sina. Kaa chini usome.

Wiki iliyopita karani alikuja na tableti kwapani. Akasema utaratibu unataka mwenye wimbo auone ushahidi kwa macho yake kabla faili halijafungwa, na kwamba wao wameuhifadhi pamoja na sauti yake. Nikamuuliza kama utaratibu huo ni wa siku zote. Akasema ni wa siku hiyo. Nikafuta mikono. Akabonyeza, kisha akatugeuzia mgongo akawa anatazama dirishani, na dirisha letu linatazama ukuta.

Mwanamke anatoka mlango wa nyuma wa jengo kubwa, mvua inanyesha, anafungua mwavuli, na mimi nasikika nikiimba nikiwa na umri ambao wewe umeshaupita. Sikujijua usoni. Uso umenifanya mzuri mno, hilo tutalizungumza. Nilijijua mgongoni. Hakuna mtu aliyewahi kuuona mgongo wake mwenyewe ukitembea, lakini niliujua, na yule msichana anayeshona huku anaongea alinyamaza mara ya kwanza tangu aajiriwe, kisha akasema, "Mama, huyo si wewe?" Halafu mashuka yakashuka kwenye kamba moja moja, yakaanza kumfuata barabarani, na kila shuka lilikuwa na kiraka, na viraka vilikuwa vyangu, nilivyokuwa nikishona magotini kwangu nawe ukinishikia uzi. Nani mwingine angevijua?

Mwishoni ikaandikwa, "Kwa Shangazi, kutoka kwa Kobe Hana Haraka."

Nilikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Karani hakusema neno, na mpaka leo hajasema, kwa hiyo usimlaumu. Nilimwambia anipe barua zote. Akasema faili ni mali ya ofisi, akaliacha juu ya meza ya kukunjia, akaenda kunywa maji. Alikunywa maji mengi.

Yaani umekubali kazi ya macho yako yote ifungwe, na yule mlinzi wako, na fundi cherehani wako, ili mimi niendelee kupigiwa makofi na watu wa kufulia? Na mimi nikakuandikia kwa mkono huu kwamba aliyekushitaki hajalea. Nani alikufundisha ujinga wa namna hiyo? Usinijibu, najua ni mimi. Nimekukasirikia siku mbili. Ya tatu nilikupenda mpaka nikachoma shuka kwa pasi.

Sasa habari zenyewe. Msamaha nimeutia saini palepale. Ukurasa walikuwa wameshaufunga, lakini karani ameandika, na jana amekuja kuniambia umefunguliwa na watu wako wote wamo ndani. Wenzangu nimewaeleza ukweli. Nilidhani watanicheka. Mpishi wa wodi ya watoto akasema yeye hata mwizi wa kumwibia kwa mapenzi hana, akanipigia makofi tena, na safari hii niliyapokea bila kulia sana.

Lakini sauti hairudi. Nimemsihi, nimemtisha, nimemwonyesha mkasi. Anasema wimbo uliorekodiwa uko mikononi mwao miaka mitatu kwa saini yangu, na kuuazima kwa mtu ni kwa malipo, wala hawapunguzi. Nikamuuliza, hata kwa mtoto niliyemlea mwenyewe? Akasema mtambo haujui ukoo. Ndiyo hivyo, nimefunga mlango kwa hofu ya wezi na ufunguo nimewapa wao. Wala sijuti kabisa, maana watu wa sabuni wapo bado.

Nikamuuliza jambo jingine. Nikiuimba mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndani ya chumba hiki, mbele ya hawahawa? Akafungua mkataba akausoma wote amesimama. Akasema hilo halimo. Nikamwambia basi na yeye aje, avue tai.

Kwa hiyo saa ya ukutani usininunulie, ya duara wala ya pembe nne. Nitatundika shuka zima, jeupe, lisilo na kiraka hata kimoja. Wewe lete katuni hivyo hivyo ilivyo bubu. Sauti nitaitoa mimi.

Nimekuwa nikijaribu asubuhi kabla wenzangu hawajafika. Ile sauti ya juu sina tena, nitaishusha, watanisamehe. Kuna sehemu moja tu inanishinda. Pale kabla ya ubeti wa pili zamani nilikuwa napita moja kwa moja bila kuvuta pumzi, na huyo mwanamke wako anapita nami, hasimami. Siku hizi siwezi. Ukipata nafasi kabla ya tarehe ishirini na tisa, mchore asimame hapo kidogo, hata kama ni kuinama afunge kiatu, anisubiri.

Shangazi yako